Kifungu cha Tetemeko katika Bima ya Nyumba: Mapendekezo Matatu Niliyoyalinganisha Nairobi

Ukimwuliza wakala wa bima hapa Nairobi kama nyumba yako inaweza kukingwa dhidi ya tetemeko la ardhi, jibu huja haraka: "Limo, mama, usiwe na wasiwasi." Ni kweli limo. Bima ya kawaida ya nyumba inayouzwa Kenya, ile inayounganisha katika hati moja jengo, vyombo vya ndani, vitu vya kubebwa, mfanyakazi wa nyumbani na dhima ya mwenye nyumba, hulitaja tetemeko pamoja na mlipuko wa volkano katika orodha ile ile yenye moto, radi, dhoruba, mafuriko na wizi. Mteja hahitaji kununua hati ya pekee. Hata hivyo, nilipoomba mapendekezo ya kampuni tatu kwa ajili ya nyumba yetu ya ghorofa moja iliyoko Lang'ata na kuyasoma hadi mwisho, niliona kwamba hati zinazofanana kabisa katika ukurasa wa kwanza huachana mbali katika kurasa za masharti. Kampuni zenyewe sitazitaja, kwa kuwa masharti hubadilishwa mara kwa mara na kinachomfaa msomaji ni kujua mahali pa kutazama. Nitaziita ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Nianze na hatari yenyewe, maana wapo wanaoona kifungu hiki kuwa pambo tu. Nairobi imekaa pembezoni mwa Bonde la Ufa, upande wake wa mashariki, na anayesimama juu ya vilima vya Ngong huliona bonde hilo limetandazwa chini yake. Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini lilipiga Subukia tarehe 6 Januari 1928, likiwa na ukubwa wa 6.9, na liliacha mpasuko ulioonekana juu ya ardhi kwa umbali wa kilomita zipatazo 38. Mwezi Julai 2007, mfululizo wa mitetemeko kutoka eneo la Ziwa Natron na mlima Oldoinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ulilitikisa jiji kwa siku kadhaa, na wafanyakazi wengi wakayahama majengo marefu na kusimama barabarani. Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu na kubomoa nyumba mjini Bukoba, na Agosti 2020 jingine lililoanzia baharini karibu na pwani ya Tanzania lilisikika hadi huku. Nairobi si Tokyo wala Istanbul, na sina nia ya kumtisha mtu. Hatari ya mwaka mmoja ni ndogo, ila siku itakapotimia hasara yake haitabebwa na mshahara wala chama cha akina mama, na hasara ya namna hiyo ndiyo hasa iliyofanya bima ikabuniwa. Tena tusisahau kwamba hapa majengo huanguka hata ardhi ikiwa imetulia: lile la Huruma lililoporomoka usiku wa mvua mnamo Aprili 2016 liliua watu 52.

Tukio kama hilo la Huruma linatufikisha kwenye jambo la kwanza la kuchunguza, nalo ni kile ambacho hati inakihesabu kuwa uharibifu wa tetemeko. Kampuni zote tatu hulipa hasara ya mtikisiko wenyewe na ya moto unaozuka kwa sababu ya mtikisiko, kwa mfano bomba la gesi likikatika jikoni. Zote tatu pia hukataa hasara inayotokana na ujenzi mbovu, kuzama kwa msingi na kuporomoka kwa udongo polepole. Mwenye nyumba wa Nairobi anapaswa kuisoma sentensi hiyo ya mwisho kwa makini, kwa kuwa sehemu kubwa ya jiji, kuanzia South C hadi Embakasi na kuendelea hadi Syokimau, imejengwa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi, na nyumba nyingi zina nyufa ambazo hazihusiani na tetemeko lolote. Siku ardhi itakapotikisika kidogo, mtathmini wa hasara atakuja na swali moja tu: ufa huu ni wa jana au ni wa miaka mitano iliyopita? Ushauri wangu ni kupiga picha za kuta zote, ndani na nje, zikiwa na tarehe, na kuzituma kwa kampuni pamoja na fomu ya maombi ili ziwe kwenye faili lao kabla ya tukio lolote. Kampuni ya pili ilimtuma mkaguzi wake bila kunitoza chochote, akapima, akapiga picha na kuandika ripoti ambayo nilipewa nakala. Kampuni ya kwanza ilitosheka na fomu. Ya tatu ilitaka tu kujua kama nyumba ni ya mawe na kama paa ni la vigae au la mabati.

Tofauti kubwa zaidi niliikuta katika sehemu ya hasara ambayo mteja hubeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa shilingi. Tuseme nyumba imewekewa bima ya shilingi milioni 14. Kampuni ya kwanza hukata asilimia 10 ya hasara yenyewe. Ya pili hukata asilimia 2 ya thamani yote iliyowekewa bima, yaani shilingi 280,000, iwe hasara ni kubwa au ndogo. Ya tatu, ambayo bei yake ndiyo iliyokuwa ya chini kuliko zote, hukata asilimia 5 ya thamani hiyo, yaani shilingi 700,000. Wakala wa kampuni ya tatu aliitamka asilimia hiyo haraka haraka, kana kwamba asilimia 5 lazima iwe nafuu kuliko asilimia 10, na naamini wateja wengi huondoka wakidhani hivyo bila kuuliza ni asilimia ya nini.

Ukipiga hesabu, picha hubadilika kulingana na ukubwa wa hasara. Tetemeko likipasua plasta na kuangusha vigae, hasara ikawa shilingi 500,000, kampuni ya kwanza italipa 450,000, ya pili italipa 220,000, na ya tatu haitalipa kitu. Lakini likibomoa ghorofa ya juu na kuidhoofisha ya chini, hasara ikafika shilingi milioni 10, kampuni ya kwanza italipa milioni 9, ya pili italipa milioni 9.72, na ya tatu milioni 9.3. Kampuni ya kwanza na ya pili hulingana hasara inapofika shilingi milioni 2.8, chini ya hapo ya kwanza ni bora, juu ya hapo ya pili ni bora. Basi uchaguzi unategemea ni hasara ipi inayokunyima usingizi. Kwa maoni yangu, mtu mwenye mapato ya kawaida anaweza kutafuta fundi wa plasta kwa fedha zake au kwa mkopo mdogo wa sacco, ila hawezi kusimamisha upya jengo zima. Kwa hiyo mimi huipa uzito hasara kubwa, na kwa kigezo hicho kampuni ya pili inashinda. Jirani yangu, ambaye ni mstaafu na hataki kusikia habari ya kutoa fedha mfukoni, angeifaidi zaidi ya kwanza, na sina hoja ya kumpinga.

Katika sehemu hiyo hiyo, angalia kama hati ina kifungu cha saa 72. Kifungu hicho husema kwamba mitetemeko yote inayotokea ndani ya saa 72 mfululizo huhesabiwa kuwa tukio moja, hivyo makato hufanywa mara moja. Mitetemeko ya mwaka 2007 ilikuja kwa mafungu, siku baada ya siku, na hivyo ndivyo ilivyo desturi ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa. Hati ya kwanza na ya pili zinacho kifungu hicho. Ya tatu iko kimya, na nilipouliza kwa barua pepe nilijibiwa kwamba suala hilo "litaangaliwa wakati wa dai", jibu ambalo kwangu ni sawa na kutojibiwa.

Sasa tuje kwenye kiasi cha bima, ambako ndiko fedha nyingi hupotea. Nyumba huwekewa bima kwa gharama ya kuijenga upya, si kwa bei ya kuiuza. Nyumba ya Lang'ata inaweza kuuzwa kwa shilingi milioni 30 ilhali kuisimamisha tena ni milioni 14, kwa kuwa fedha nyingi za mnunuzi zimeingia katika kiwanja, na kiwanja hakibomoki. Anayeweka milioni 30 atalipa ada kubwa bila faida kila mwaka, maana kampuni haitamlipa zaidi ya gharama halisi ya ujenzi. Hata hivyo, kosa linaloumiza zaidi ni lile la kuweka kiasi pungufu. Wengi wenye mkopo wa nyumba huona benki imekwisha kuwakatia bima na kudhani shauri limekwisha, bila kuangalia kama kiasi kilichoandikwa kinalingana na deni au na jengo. Benki hulinda deni lake, na hilo ni halali yake.

Matokeo ya kiasi pungufu ni haya. Nyumba ambayo gharama yake ya kujengwa upya ni shilingi milioni 14 imewekewa bima ya milioni 9. Tetemeko linasababisha hasara ya milioni 7, na mwenye nyumba anatarajia kulipwa milioni 7 kwa kuwa hazijazidi milioni 9 alizoandika. Kampuni italipa kwa uwiano wa 9 kwa 14, yaani milioni 4.5, kisha itaondoa makato yake. Hoja yao ni kwamba mteja aliamua kujibebea sehemu iliyobaki ya hatari, na hoja hiyo imeandikwa katika hati alizotia saini. Kampuni ya pili imeweka nafuu katika jambo hili: ikiwa kiasi kilichoandikwa kimefika asilimia 85 ya gharama ya kujenga upya, kanuni ya uwiano haitumiki. Kwa kuwa bei ya saruji na ya vyuma hupanda kati ya mwaka mmoja wa bima na mwingine, nafasi hiyo ya asilimia 15 ni ya thamani kuliko punguzo lolote la bei nililoahidiwa kwingine.

Namna ya kupata kiasi sahihi ni kumlipa mkadiriaji wa gharama za ujenzi aliyesajiliwa, na kumwagiza waziwazi aandike gharama ya kujenga upya badala ya bei ya soko. Mwagize pia aingize mambo ambayo husahaulika: kubomoa mabaki na kuyasomba, ada za msanifu na mhandisi, vibali vya kaunti, ushuru wa asilimia 16 wa ongezeko la thamani, ukuta wa ua, lango, tangi la maji lililo juu ya mnara na paneli za jua. Ukuta wa ua usiudharau hata kidogo. Ukuta mrefu wa mawe usio na nguzo za zege ni miongoni mwa vitu vya kwanza kulala chini ardhi inapotikisika, nao Nairobi umezunguka karibu kila kiwanja. Katika hati mbili kati ya tatu nilizosoma, ukuta haukuwa sehemu ya jengo mpaka mteja aombe uandikwe.

Kuhusu msingi wa malipo, kampuni ya kwanza na ya pili hujenga upya kwa vifaa vipya, na ya tatu hutoa uchakavu. Nyumba yetu imesimama miaka mingi, kwa hiyo hilo peke yake lingetosha kuniondoa kwa ya tatu.

Kodi ya makazi ya muda ni jambo ambalo mawakala hawalitaji mpaka waulizwe. Jengo likitangazwa kuwa halifai kukaliwa, familia itahitaji pa kuishi kwa miezi kadhaa, na wakati huo huo itaendelea kulipa mkopo wa benki. Kampuni ya pili hulipa kodi hiyo hadi asilimia 10 ya kiasi cha bima ya jengo, na ya kwanza huilipa kwa miezi sita tu.

Wanaomiliki nyumba katika majengo ya ghorofa, kule Kilimani, Kileleshwa au South B, wana hesabu nyingine kabisa. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa nyumba katika majengo ya pamoja hulikabidhi shirika la wenye nyumba jukumu la kuliwekea jengo bima, hivyo mwenye nyumba mmoja hawezi kuikinga nguzo ya orofa ya chini kwa hati yake binafsi. Anachoweza kufanya ni kudai nakala ya hati ya jengo zima, aangalie kama tetemeko limo, makato ni kiasi gani, na nani atakayeyalipa. Kisha aweke bima ya vyombo vyake na ya maboresho ya ndani kama kabati za jikoni. Makato ya asilimia 2 kwenye jengo la shilingi milioni 400 ni shilingi milioni 8, na katika mikutano ya wakazi ambayo huchukua jioni nzima kujadili taka na maegesho sijasikia hata mmoja ukijadili zitatoka wapi. Mpangaji yeye hahusiki na jengo. Bima ya vyombo inamtosha.

Nililinganisha pia na nchi zilizozoea tetemeko, nikaona kwamba tulichonacho hapa si kibaya. Katika jimbo la California nchini Marekani, bima ya kawaida ya nyumba haihusishi tetemeko. Mwenye nyumba hununua kinga ya ziada, mara nyingi kupitia mamlaka iliyoundwa mwaka 1996 baada ya tetemeko la Northridge la 1994, na makato yake huanzia asilimia 5 hadi 25. Japani, ambako mpango wa taifa ulianza mwaka 1966, kinga ya tetemeko huwa kati ya asilimia 30 na 50 tu ya bima ya moto. Uturuki iliilazimisha bima hiyo tangu mwaka 2000, baada ya janga la 1999. Sisi tunapewa tetemeko ndani ya hati ya kawaida kwa kiasi kizima cha jengo, na bei haipandi sana kwa sababu kampuni huiona hatari yetu kuwa ndogo.

Swali linalofuata ni kama kampuni itakuwa na fedha siku hiyo. Moto huunguza nyumba moja, tetemeko hugonga mitaa mingi kwa mpigo, na madai yote huwasili wiki moja. Ndiyo maana kampuni za hapa huhamisha sehemu ya hatari kwa kampuni zinazozikatia bima kampuni nyingine, zikiwemo Kenya Re na ZEP-RE, ambayo makao yake makuu yako Upper Hill, kwenye barabara iliyopewa jina la Longonot, mlima wa volkano. (Sijui kama aliyechagua kiwanja alitabasamu.) Niliuliza kampuni zote tatu jinsi zinavyogawana hatari ya tetemeko. Kampuni ya pili ilinijibu kwa barua ya ukurasa mmoja inayoeleweka, ya kwanza ilinielekeza kwenye taarifa yake ya fedha, na ya tatu ilinitumia kalenda ya ukutani. Mfuko wa kuwafidia wenye bima upo kisheria kwa ajili ya wateja wa kampuni zinazofilisika, ila malipo yake yana kikomo na hayakukusudiwa kujenga nyumba.

Bei yenyewe haikuwa na mambo mengi. Juu ya ada ya bima huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, tozo ya mfuko wa fidia ya asilimia 0.25 na ushuru wa stempu wa shilingi 40, hivyo ada ya shilingi 30,000 hugeuka kuwa 30,175. Wakala akiongeza kingine, mwombe akuoneshe kimeandikwa wapi. Kumbuka pia kwamba chini ya Sheria ya Bima kinga haianzi mpaka ada iwe imelipwa. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haimfungi mwenye kampuni. Dai likikwama, Mamlaka ya Kudhibiti Bima hupokea malalamiko ya wateja bila malipo, na kwa hiyo weka kila barua na kila risiti.

Kwa jumla ya niliyoyasoma, nimeichagua kampuni ya pili, ingawa bei yake ilikuwa ya juu kuliko ya tatu kwa kiasi cha karo ya muhula wa mtoto wa chekechea. Mapungufu yake yapo: fomu yake ni ndefu kupita kiasi, imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na ofisi yao ya madai inajibu simu inapotaka. Kampuni ya kwanza ningempendekezea mwenye nyumba mpya, imara, anayeogopa matengenezo madogo ya mara kwa mara. Ya tatu singempendekezea mtu yeyote kwa ajili ya tetemeko, japo kwa wizi na moto masharti yake yanavumilika. Kabla ya kulipa niliomba mambo matatu yaandikwe kwa barua ya nyongeza: ukuta wa ua, tangi la maji, na ukuta unaozuia udongo kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Mawili ya kwanza yamekubaliwa bila kuongezewa bei. La tatu walikubali kwa sharti la ripoti ya mhandisi na ada iliyokaribia robo ya bima nzima, nami nimeuacha ukuta huo nje ya hati na kumwita fundi auongezee nguzo.